Wanaikagua Ndoa, Hawajaikimbia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama vijana wa umri wa sekondari wameichoka ndoa kabla hata ya kuifikia, na kama "sogea tukae", yaani kuishi pamoja bila ndoa, ndiyo itakayokuwa familia ya kesho. Mimi ni mwalimu, na baada ya vipindi nasimamia klabu ya midahalo, kwa hiyo mambo haya nayasikia hata nisipoyatafuta. Kwa ninavyowaona, wengi wao ndoa wanaitaka. Tatizo ni kwamba wamekulia ndani ya ndoa ya watu wengine na wameikagua kila kona.

Tulipoijadili mada hii, binti mmoja wa miaka 17, ambaye kwa kawaida haongei, alisimama akasema: "Mwalimu, mimi ndoa naitaka. Ndoa ya mama yangu ndiyo siitaki." Makofi yalipigwa, na upande wa wasichana hayakutaka kuisha. Nilipomwomba afafanue, nilitarajia kusikia habari za kipigo au ulevi. Wapi! Alisema mama yake huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anaenda kazini kama baba anavyoenda, na akirudi ndiye anayeulizwa soksi ziko wapi. Sisi watu wazima tunadhani watoto wanaogopa talaka tu, kumbe wenzetu wanahesabu hadi soksi.

Makofi yale si ya shule yangu peke yake. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiwahoji wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kila mwaka tangu 1975. Kituo cha utafiti cha Pew kilichambua majibu hayo na kukuta kwamba mwaka 1993 asilimia 83 ya wasichana walitarajia kuja kuolewa, huku wavulana waliotarajia kuoa wakiwa asilimia 76. Mwaka 2023 wavulana walikuwa asilimia 74, yaani karibu palepale. Wasichana walikuwa wameshuka hadi 61. Marekani si dunia nzima, nakubali. Lakini anayeuliza habari za "vijana" kwa jumla anayachanganya makundi mawili ambayo yameanza kuachana njia. Mvulana akiiwazia ndoa anaona mahali pa kupumzikia. Msichana anaona kazi nyingine inayoanza akishatoka kazini. Ningekuwa binti, nami ningesita.

Sasa hilo la kuishi pamoja kwanza. Katika utafiti uleule, miaka ya 1970 walioona ni vizuri wapenzi waishi pamoja ili wajuane kabla ya kuoana walikuwa chini ya nusu. Kufikia miaka ya 2000 walishavuka nusu. Wanafunzi wangu wana msemo wao: huwezi kununua kiatu bila kukijaribu. Unapendeza masikioni, ila kiatu hakishiki mimba, na jina lake haliandikwi kwenye mkataba wa pango.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na wala sizungumzii dhambi. Viongozi wa dini wapo na wanaifanya kazi yao. Ninachokiona ni kwamba wengi wanaosema "tunajaribu" hawajaribu chochote. Kodi imepanda, nguo za mmoja zimeshajaa kabati la mwingine, basi wanahamia. Siku ya kukaa chini na kuulizana "tunaelekea wapi?" haifiki. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Denver, Scott Stanley na Galena Rhoades, pamoja na mwenzao, waliieleza hali hii kuwa ni kuteleza badala ya kuamua. Hoja yao ni kwamba mkishachangia pango, vyombo na madeni, kuachana kunakuwa kugumu hata kama mmeshagundua hamfai kuwa pamoja, na wengine huishia kuoana kwa sababu hiyo tu. Yaani jaribio lenyewe linakufungia mlango wa kutokea. Waliokwisha kuelewana kuhusu uchumba kabla ya kuhamia pamoja wana nafuu zaidi.

Nikiwaeleza hayo, wananisikiliza kwa heshima tu. Wanakaa wima pale ninapogusia sheria. Karibu wote wanaamini kwamba mkiishi pamoja muda mrefu mnakuwa mume na mke popote duniani. Si kweli. England na Wales unaweza kuishi na mtu miaka 30 na sheria isikutambue kuwa mke wake. Uswidi kuna sheria maalumu ya wanaoishi pamoja, ya mwaka 2003, na mkiachana mmoja anaweza kudai mgawanyo wa nyumba na vyombo vilivyopatikana kwa matumizi yenu wote wawili. Tanzania, kwa kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, wanachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kijana mmoja aliposikia hayo aliuliza, akiwa na wasiwasi kabisa: "Kwa hiyo mwalimu, mtu anaweza kuoa bila kujua?" Tulicheka, lakini swali lake ni zito kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia kuhusu maadili.

Wazazi wengi watauliza: haya nimwambie mwanangu lini? Ukweli ni kwamba mmekuwa mkimwambia kila siku, pale anapoona nani anayenyanyuka kuondoa vyombo mezani na nani anayebaki na rimoti.

Mdahalo ujao wasichana wamechagua mada wenyewe: mtoto akilia usiku, nani aamke? Wavulana wameomba muda zaidi wa kujiandaa.