Kolonoskopi ni bure, mbona jirani yangu aliletewa bili?

SWALI: Nina miaka 46, naishi Ohio, Marekani, na nina bima ya kazini. Siumwi chochote, ila daktari ananihimiza nifanye kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Anasema ni bure, lakini jirani yangu aliambiwa hivyo hivyo kisha akaletewa bili. Tena nasikia ile dawa ya kusafisha tumbo hainyweki. Nifanyeje? – M. A.

JIBU: Dada M. A., daktari wako anasema kweli, nenda. Tangu 2021 wataalamu wa kinga huko Marekani wanashauri uchunguzi huu uanze na miaka 45, na karibu bima zote za kazini zinapaswa kisheria kuulipia bila wewe kuchangia, mradi uende kwa wahudumu walio na mkataba nayo. Hata daktari akikuta kinyama (kiuvimbe kilichoota ndani ya utumbo) akakikata papo hapo, bado ni sehemu ya uchunguzi ule ule.

Bili huzaliwa kwenye makaratasi. Mtu aliyepelekwa kwa sababu anatoka damu chooni anahesabiwa kuwa anatafutiwa ugonjwa, na hapo huchangia gharama. (Ukiwa na dalili iseme, usiifiche kwa kuogopa bili.) Wewe huna dalili, basi hakikisha karatasi zinasema hivyo. Uliza ofisi ya daktari wataandika namba gani ya sababu ya kipimo kwenye madai wanayotuma kwa bima: Z12.11 ndiyo ya uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana kwa asiye na dalili. Kisha pigia bima simu, wasomee namba hiyo, na uliza kama wanamlipa daktari, kituo, mtaalamu wa dawa ya usingizi na maabara, maana kila mmoja hudai kivyake. Andika tarehe na jina la aliyekujibu. Bili ikija hata hivyo, usikimbilie kulipa. Omba ofisi irekebishe namba na kutuma madai upya. Kinyama kikikatwa, bima za namna yako hutaka alama 33, inayoonyesha kuwa huduma ilikuwa ya kinga, iongezwe kwenye madai. Wakikataa, kata rufaa kwa bima.

Sasa dawa. Iliyozoeleka ni unga unaochanganywa na maji kupata lita 4. Wiki moja kabla, acha vidonge vya madini ya chuma, maana hufanya choo kiwe cheusi na kinate. Dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda usiziache mwenyewe, muulize daktari. Siku chache kabla, weka kando makande, karanga, mboga za majani na matunda yenye mbegu, kwani mbegu huziba mrija wa kipimo wa kufyonzea uchafu. Siku moja kabla ni supu iliyochujwa, chai ya rangi na juisi ya tufaha tu. Chekundu hapana, hufanana na damu.

Kunywa lita 2 jioni, na lita 2 alfajiri. Hii ya alfajiri ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayosafisha upande wa kulia wa utumbo mpana, ambako utumbo mdogo humwaga majimaji usiku kucha. Kipimo kikiwa saa 3 asubuhi, anza saa 10 alfajiri, umalize kabla ya saa 1. Dawa iwe baridi sana, glasi ya mililita 240 kila dakika 10 hadi 15, kwa mrija, huku ukifyonza limau katikati. Kichefuchefu kikikubana, pumzika nusu saa uendelee. Jipake mafuta ya mgando sehemu ya haja kubwa tangu mwanzo, usingoje uchubuke.

Umekuwa tayari pale yanapotoka maji ya manjano, maangavu kama mkojo. Yakiwa bado ya kahawia yenye vipande, pigia kituo simu kabla hujatoka nyumbani. Uchafu huficha vinyama vidogo, na utaambiwa urudie.

Na kwa sababu ya dawa ya usingizi, tafuta mtu mzima wa kukurudisha nyumbani. Vituo vingi havikubali uondoke na dereva wa teksi peke yake, na wasipomwona mtu wako wataahirisha, ilhali lita zote 4 umeshazinywa.