Mlio wa mbele ya gari hata baada ya kubadilisha shokomzoba: jaribu kwanza kuvuka tuta mshazari

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako dogo la mtumba kutoka Japani linagonga "ko-ko-ko" mbele upande wa kushoto unapopita barabara mbovu, kwamba fundi amekwisha kubadilisha shokomzoba zote mbili za mbele, na kwamba mlio ungali pale pale. Nami yalinipata hayo hayo. Nilinunua shokomzoba mbili Kirinyaga Road, Nairobi, zikafungwa siku hiyo hiyo, na kabla sijafika nyumbani Umoja nilikuwa nimeusikia mlio ule ule kwenye tuta la kwanza. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye linki, yaani kile chuma chembamba chenye kifundo kila mwisho, kinachounganisha shokomzoba na stebilaiza (fimbo iliyo kati ya upande wa kushoto na wa kulia), na ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara niliyoingia.

Shokomzoba iliyokufa hujieleza yenyewe: huvuja mafuta, pua ya gari huendelea kunesa baada ya kuvuka tuta, na tairi huisha kwa mabaka. Kama zako za zamani hazikuwa na dalili hizo, huenda hazikuwa na kosa.

Fanya hivi. Tafuta tuta mtaani, si kwenye barabara kuu, ulivuke polepole ukiwa umenyooka ili magurudumu yote mawili ya mbele yapande kwa pamoja. Kisha rudi ulivuke mshazari, gurudumu moja likitangulia. Stebilaiza ni fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Magurudumu yakipanda pamoja haijipindi, na linki zinakuwa karibu hazina kazi, lakini gurudumu moja likipanda peke yake fimbo hujipinda na linki mbovu hugonga. Basi mlio ukiwa mdogo unaponyooka na ukazidi unapopita mshazari, anza na linki pamoja na bushi za stebilaiza, yaani mipira inayoishikilia.

Ili kuhakikisha, usikubali gari liinuliwe upande mmoja kwa jeki, kwa sababu hapo stebilaiza huivuta linki na kuficha uchezaji wake. Magurudumu yote mawili yawe chini. Mimi nilijinyoosha kando ya gari kwenye maegesho ya ploti yetu, jirani akawa analitikisa kwa kubonyeza bodi juu ya gurudumu, nami nimeishika linki ya kushoto kwa vidole viwili. Kila gari liliposhuka nilihisi kifundo cha chini kikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ya kulia ilikuwa kimya kabisa. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, gurudumu la kushoto ndilo linalokutana na kingo za lami zilizobomoka, na sikushangaa.

Linki zikiwa nzima, geukia bushi za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kutoka kwenye fremu. Mlio wake ni mzito, "dum" moja, na hutokea unapoondoka au unapofunga breki. Mahali penye nafasi, nenda mbele polepole ufunge breki, kisha rudi nyuma ufunge tena. Mkono ukihama utausikia. Gari la mtumba huruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri wa hadi miaka 8, kwa hiyo mpira wake unaweza kuwa umekwisha kuzeeka hata kama kilomita ni chache.

Usukani ukigeuzwa gari limesimama na springi ikaruka kwa "twang", hiyo ni beringi ya juu ya shokomzoba, na kwako ningeishuku kwa kuwa sehemu hiyo imefunguliwa majuzi. "Ta-ta-ta" unapoondoka umekata kona kabisa ni sivi jointi, kile kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Mngurumo unaopanda na mwendo ni beringi ya gurudumu. Ukizidi unapopinda kulia, ya kushoto ndiyo inayobeba uzito, basi ichunguzwe hiyo.

Boli jointi, yaani kifundo kinachounganisha mkono wa chini na gurudumu, nazitenga na hayo mengine, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na gari halishikiki tena. Inua gari, liwekwe juu ya stendi imara wala si jeki peke yake, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Tairi likicheza, usiendeshe gari hilo hata hadi dukani. Likicheza ukishika pembeni, mkono mmoja mbele ya tairi na mwingine nyuma, tazama tairodi, fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu.

Ukibadilisha bushi za mkono wa chini, msimamie fundi katika jambo moja ambalo gereji nyingi nilizopita hupuuza: nati zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa uzito wake, si magurudumu yakining'inia. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umejipinda muda wote gari liwapo barabarani na huchanika mapema. Zangu za kwanza hazikumaliza mwaka. Baada ya hapo peleka gari likapangwe magurudumu.

Ukishalivuka hilo tuta kwa njia zote mbili, tuandikie ulichosikia. Utueleze pia kama mlio hupotea unapogusa breki kidogo ukiwa kwenye barabara mbovu, maana pedi zilizolegea hugonga hivyo hivyo na hukulitaja hilo.