Milgram au jela ya Stanford?
Mkuu umeuliza lipi lina uzito zaidi, jaribio la mwanasaikolojia Milgram la kupima utii au lile la jela ya kuigiza ya Stanford, mi nasema Milgram bila kusita. Pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, 1961 watu 40 waliambiwa wampige shoti ya umeme jamaa wa chumba cha pili kila akikosea jibu, shoti zenyewe feki ila wao hawakujua, wengine wanatetemeka na jasho linawatoka lakini 26 wakafika mpaka volti 450 kisa tu msimamizi wa jaribio, bwana wa koti la kijivu, kasema endelea. Na aliporudia jaribio na amri ikatolewa kwa simu utii ukashuka sana, hapo ndo unaona chanzo cha utii ni yule bwana kuwepo pale. Stanford 1971 vijana waliigiza wafungwa na walinzi, na Zimbardo, mwanasaikolojia aliyeongoza jaribio, mwenyewe ndo alikuwa mkuu wa jela, walinzi wakahimizwa wawe wakali, sasa hapo unapima nini?