Gego limepasuka, nauli ya kwenda kwa daktari bado

SWALI: Shikamoo dokta. Nilikuwa nakula makande nikang'ata kijiwe, gego la chini likapasuka kipande kikatoka. Ulimi unakwaruzwa mpaka umechubuka, na nikinywa maji ya baridi nasikia kama shoti ya umeme mpaka sikioni. Daktari wa meno yuko Mbeya mjini, mie niko Tukuyu na hela naipata mwisho wa mwezi. Jirani kaniambia nitie karafuu, kaka yangu anasema nigundishe kile kipande na supagluu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Supagluu usiithubutu kabisa, inaunguza fizi na ikishakauka vibaya daktari ana kazi ya kuitoa kabla hata hajaligusa jino lenyewe. Kile kipande kitunze kwenye maziwa uende nacho, wakati mwingine kinafaa kurudishiwa.

Kwa sasa sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, kila ukimaliza kula, na mswaki usiache eti kwa sababu panauma, piga taratibu ila upige, maana chakula kikilala kwenye ule ufa ndo kinaoza humo humo. Tafunia upande wa pili. Pale panapokwaruza ulimi chukua bigijii isiyo na sukari, tafuna mpaka ilainike ufunike ile ncha, ukienda kula unaitoa.

Karafuu jirani hajakosea, ina dawa ya kutia ganzi kweli, ila watu wanazidisha. Mafuta yake tone moja kwenye pamba, gusisha jino tu, ukimwagia fizi yote utaamka na kidonda. Panado vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita, visizidi vinane kwa siku, na kama ini lina shida au unakunywa pombe sana uliza kwanza. Asprini meza kama unaruhusiwa, lakini usiipachike kwenye fizi kama wengi wanavyofanya, inababua nyama. Na wapo wanaotia maji ya betri, jamani, ile ni asidi!

Sasa la kusubiri mwisho wa mwezi, hapo ndo sikubaliani na wewe. Kama baridi ikipita maumivu yanakatika hapo hapo, mshipa wa ndani unaweza kuwa bado mzima na pengine ukazibwa tu ukaenda nyumbani. Yakianza kukaa muda mrefu, au yanagonga usiku hulali, ujue mshipa umeshavimba na hapo ni kutibu mzizi au kung'oa, na gharama inapanda. Halafu kuna siku yanaweza kuisha yenyewe ghafla, watu wanafurahi wanasema limepona, kumbe mshipa umekufa na usaha unajikusanya chini kimya kimya. Hii ndo inayowaponza wengi kwa kweli, na amoksilini za kununua dukani bila kuandikiwa haziondoi chanzo, jino bovu linabaki pale pale. Kwa hiyo kopa nauli kwenye kikoba, au anza na hospitali ya wilaya hapo hapo ulipo uulize kama wana huduma ya meno, usidhani lazima ufike mjini.

Ila ukiona shavu linavimba kuelekea jichoni au chini ya taya, homa, mdomo haufunguki vizuri, au kumeza mate na kupumua kunakuwa shida, usisubiri hela wala daktari wa meno, nenda hospitali yoyote yenye dharura usiku huo huo, na mtu akusindikize.