Z6II au Z6III kwa kazi za Bagamoyo

Kaka, umeuliza kama inafaa uuze kamera yako ya Nikon Z6II uchukue Z6III kwa ajili ya harusi na picha za magofu ya Kaole. Kwa harusi, ndiyo, bila kusita. Sensa ya Z6III, yaani kile kipande kinachonasa picha, ina megapikseli 24.5 na inasomwa kwa kasi zaidi ya mara tatu ya ile ya Z6II, ndiyo maana fokasi inamng'ang'ania bi harusi hata ukumbi ukiwa na giza.

Kwa Kaole, baki na uliyo nayo. Kasi hiyo ina gharama: ukipiga ISO 100 (kiwango cha chini cha usikivu wa mwanga) kwenye jua kali halafu ukainua vivuli vya kuta za matumbawe, chembechembe zitatokea nyingi kuliko kwenye Z6II. Kuanzia ISO 800 tofauti karibu inaisha.

Taa za LED zikichora mistari kwenye picha, zima shata ya kielektroniki, tumia ya kawaida, ya kimakanika, kwa 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50 na taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Tenga pia hela ya kadi ya CFexpress, kwa sababu video ya 6K ya N-RAW (video ghafi ya Nikon) haiendi na kadi za SD. Lenzi zako za Z na betri za EN-EL15c zinaingia zote.