Moduli ya MagicMirror kutotokea kwenye kioo

Ndio mkuu, umeuliza kama jina la folda linaweza kufanya moduli (kile kipande cha nyongeza) isitokee kwenye MagicMirror, ile programu ya kioo janja: jina lina maana sana. Folda iliyo ndani ya modules, faili kuu la .js, jina kwenye Module.register (mstari wa kuisajili moduli ndani ya faili hilo) na lile uliloandika kwenye config.js, faili la mipangilio, yote lazima yafanane herufi kwa herufi, na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoendesha kioo, inatumia Linux kwa hiyo mfano MMM-Basi na MMM-basi kwake ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndivyo maelekezo ya MagicMirror wenyewe ya kutengeneza moduli yanavyosema.

Ila kama majina yako sawa cheki pia position (sehemu ya kioo moduli itakapokaa, inaandikwa kwenye config.js), ukiiacha moduli inapakiwa kimyakimya lakini kwenye kioo huioni, watu wengi wanahangaika hapo bure. Halafu piga amri ya npm run config:check kwenye terminal ukiwa ndani ya folda la MagicMirror, itakuonyesha mstari wa config.js wenye mkato au mabano yaliyosahaulika, ndo uwashe upya. Na moduli ikiwa na package.json ingia kwenye folda lake ufanye npm install kwanza, ipakue vitu inavyotegemea, sio zote zinahitaji. Ile updateInterval, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuchukua data mpya, nayo moduli nyingi zinahesabu kwa milisekunde, dakika 10 ni 600000, ukiandika 10 utaishambulia API ya watu (huduma ya mtandaoni inayotoa data) kwa maombi mpaka wakufungie