Usiweke fremu pale jicho linapopenda

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Watamu aliniandikia: "Kaka, nimepata nafasi ya kujitolea kupima mwani kwenye mwamba wa hifadhi. Nianze kwa kukariri majina ya kisayansi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilianza hivyo hivyo, na yaliyonipata bado yananiuma.

Nilianzia Malindi, katika hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Sargassum, Turbinaria, Padina, Halimeda, yote niliyajua kabla sijajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida. Kazi yenyewe haina maneno mengi: unatandaza utepe wa kupimia wa mita 10 juu ya mwamba, unalaza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, unaandika kila aina imefunika kiasi gani.

Nilizamia miezi mitatu. Nikampelekea mkuu wangu karatasi, kifua mbele. Akazipekua, akauliza: "Mbona kila fremu ina mwani mzuri?" Nikamjibu kwamba mwamba wenyewe umejaa. Maji yalipokupwa akanirudisha kule, safari hii fremu ikilazwa pale kwenye utepe paliposemwa na nambari za bahati nasibu alizoziandika pwani kabla hatujapanda mashua. Mwani mrefu ukawa wa kutafuta. Kilichotapakaa ni ule mfupi kama manyoya, pamoja na utandu wa waridi mgumu kama chokaa, ambao nao ni mwani. Vyote viwili mimi nilikuwa nimeviandika "mwamba mtupu".

Karatasi zikaenda pipani, mbele ya wanafunzi waliokuja kwa likizo. Angeweza kuniita kando! Mpaka leo tukikutana namsalimu nusu mdomo.

Lakini alisema kweli. Huo utandu wa waridi ndio matumbawe machanga hupenda kutua juu yake. Manyoya yakizidi na kunasa matope, machanga hayo hayana pa kushika. Na Malindi matope hayakosi: upepo wa kaskazi ukivuma, maji mekundu ya Mto Sabaki husogea upande wetu. Ukiandika "mtupu", umefuta habari yote. Ukiwaona samaki kama tafi, pono na kangaja wakiguguna mahali, waandike pia, maana wao ndio mbuzi wa malisho hayo; wakipungua, mwani hupanda.

Basi mdogo wangu, chagua nambari zako ukiwa nchi kavu. Fremu ikiangukia pabaya, iache pabaya. Rudi kwenye vigingi vile vile ulivyofungia utepe, na ulinganishe kaskazi na kaskazi, kusi na kusi. Nimesema chagua nambari ukiwa nchi kavu? Narudia, kwa sababu ukishaingia majini jicho lina tamaa. Nyinyi vijana mnapenda picha za chini ya maji za kuwarushia marafiki, ila kuhesabu manyoya saa mbili huku mgongo ukiungua jua hamtaki. Hifadhi haitunzwi kwa picha. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani hii, na waliojua mwani ulishika wapi baada ya hapo ni wale waliorudi kupima hata siku ambazo hapakuwa na cha kupendeza.

Majina ya kisayansi utayajua tu, yatakuingia yenyewe. Bamvua ijayo njoo Malindi tuzamie pamoja. Beba penseli mbili, moja lazima itaanguka.